Barisa Hakuwa Amekufa

Mjomba,

Arubaini yako imepita nami sijalia. Watu wa Ozi wameliona hilo, wanasema shule ya Mombasa imenikausha macho. Mkeo ananitetea, ati wengine hulia kwa ndani. Silii kwa ndani. Nina hasira nawe. Ulipokuwa hai hukuniacha nimalize sentensi, basi leo nitazimaliza zote.

Unamkumbuka Barisa. Usijifanye. Yule mfugaji wa Kiorma aliyeanguka kutoka juu ya lori la ng'ombe karibu na kivuko cha Garsen, akaletwa hospitalini kwetu kichwa kimepasuka. Siku mbili alilala kimya. Ya tatu alizinduka na vita: akampiga mhudumu teke, akang'oa bendeji, akataka kutoka aende kwa ng'ombe wake. Nawe, dresa mkuu, mkubwa wa wauguzi wote wa wodi, ulisema kama ulivyosema kwa kila mgonjwa wa kichwa: "Mfunge."

Nilimfunga mimi, msaidizi wako. Mikono kwenye pande za kitanda, miguu pamoja kwa kitambaa cheupe. Bendeji ya kichwa ulinifundisha kuipitisha chini ya kidevu ili asiing'oe tena. Juu yake shuka nyeupe. Ukasema nina mkono mzuri, nami nikafurahi. Hilo nalo sikusamehe, kwamba nilifurahi.

Alipiga kelele kwa Kiorma mchana kutwa. Ukamdunga sindano ya usingizi, alipoamka akazidi. Ukamwigiza sauti yake, wodi ikacheka.

Mkewe, Habiba, alikuwa ameketi nje. Ulimkataza kuingia, ati angemchochea. Nilimpelekea maji, nikamuuliza mumewe anasema nini.

"Yeye nasema yeye hapana kufa," akanijibu. "Nasema nyinyi nafunga yeye miguu, nafunga kidevu, nataka zika yeye. Ambia daktari, yeye iko hai."

Niligeuka nikamtazama kupitia dirishani. Alikuwa amelazwa vile vile alivyolazwa Bibi nyumbani kwetu Ozi, siku aliyofariki, ulipomfunga mama yako kidevu kwa mikono yako mwenyewe, ukamwunganisha miguu, ukamfunika. Ulikuwa unajua, Mjomba. Mzungu angekosea kwa kutojua. Wewe ulijua, ila ulipovaa koti la hospitali ulikiacha nje kila ulichokijua.

Nilikuja mbio kukwambia. "Bi Daktari amefika," ukawaambia wagonjwa. Kisha ukanigeukia: "Shule imekufundisha kusoma, mwanangu. Wodi huijui." Niliomba mambo mawili tu, tumfungue miguu na mkewe akae karibu naye. Ukasema tutaona kesho.

Kesho yake alasiri alikufa. Hatukuwa na la kufunga. Alikuwa amefungwa tayari.

Sisemi vitambaa ndivyo vilivyomuua. Fuvu la kichwa lilikuwa limepasuka, huenda asingepona hata kwa daktari bingwa. Lakini alikufa akipigana nasi, akiamini tunamzika hai, na hakuna aliyemwambia kwa lugha yake kwamba sivyo. Wewe ukatoka nje ukamwambia Habiba, "Alitulia kabla ya kwenda." Nilisimama kando yako nikivikunja vile vitambaa.

Juma lililopita aliletwa mkulima wa kijiji cha Hewani aliyeangukiwa na tawi kichwani akikata msitu. Naye alivurugikiwa akili, akatukana, akapigana na hewa. Sikumfunga. Nilishusha godoro chini, nikamwita mkewe ndani awe anamtajia jina lake na mahali alipo, tena na tena. Nilimgusa tumbo, nikalikuta gumu. Kibofu kimejaa na hawezi kusema. Mhudumu akampitishia mpira, mkojo ukatoka, na nusu ya wazimu ikatoka nao. Ile nusu iliyobaki ilinipasua mdomo kwa kofi. Naandika huku midomo imevimba. Kwa hiyo nimejua ulikuwa ukiogopa, na kwamba kile kidole chako kilichopinda kilivunjwa na mgonjwa kama huyu. Hofu ningekusamehe. Kumwigiza Barisa sauti yake, hapana.

Juzi Habiba alikuja hospitalini. Hakuwa mgonjwa. Alisimama mlangoni, akaniuliza swali moja: "Kweli yeye natulia?"

Nikatazama chini. Nikamwambia nina kazi. Akaondoka polepole, akigeuka nyuma mara mbili.

Nilimweleza mkeo. Akanishika mikono yote miwili, akanisihi ninyamaze. Ati marehemu hasemwi, na wanao wana jina la kubeba. Anaona nikisema, watu wa hapa hawatamkumbuka dresa aliyewatibu homa miaka ishirini, watamkumbuka Barisa peke yake. Huenda ni kweli. Nilikaa siku mbili na maneno yake, maana nampenda, naye hana kosa.

Lakini Habiba naye hana kosa, na hajui mumewe alikufaje.

Kesho asubuhi nakwenda manyattani kwao, kwenye makazi ya wafugaji. Nitamwambia hakutulia. Nitamwambia alichokuwa akisema mumewe tulikielewa, kwa sababu yeye mwenyewe alitufasiria, na hatukukifanyia kazi. Nitamwambia amri ilikuwa yako na mafundo yalikuwa yangu. Akinitemea mate, sitajifuta mbele yake. Nakuahidi sitakuongezea kosa ambalo hukulifanya, wala sitakupunguzia.

Kwaheri, Mjomba. Dua yako nitaisoma nikirudi.

Mpwa wako