Neno la Nne

S.L.P. 61,
Tabora.
12 Machi, 1975.

Mpendwa ndugu yangu Raymundi,

Habari za Tanga, na kifua chako kinaendeleaje? Sisi huku tu wazima, ila tumechoka. Mvua haijakatika, na mke wangu Veneranda anashinda kwenye shamba la kijiji. Mimi bado nagonga telegramu hapa stesheni, mwaka wa kumi na tatu huu.

Najua hujamsemesha kaka yako Justus tangu alipomzika mjomba Bernardo bila kukungoja wewe mwanawe. Kosa si lake. Ni langu.

Telegramu yako haikutoka Tanga ikafika moja kwa moja. Ilikuja kipande kwa kipande, stesheni hadi stesheni, na kila mmoja wetu huangalia kipande chake na jirani yake tu. Jirani wa stesheni ya nyuma huniita, hunitajia idadi ya maneno, ndipo huyagonga. Nahesabu. Yakitimia namjibu nimepata. Yakipungua namwambia arudie.

Siku ile nilikuwa zamu ya pili mfululizo, mwenzangu anaumwa, na radi inakatakata waya. Jirani alitaja maneno manne, nikapata matatu: POLENI NIMEPATA HABARI. Nilikuwa nimemwambia arudie mara nyingi tangu asubuhi, nikaona haya. Nikajibu nimepata. Halafu, Mungu anisamehe, nikaikata nne kwenye fomu ya telegramu nikaandika tatu, ili stesheni ya mbele isiniulize. Huko mbele hesabu ikatimia, na hakuna aliyeshuku.

Justus aliisoma mbele ya watu akasema, "Basi haji. Tumzike baba."

Ijumaa ulipofika, ukasimama kaburini ukasema, "Niliandika nakuja." Nilikuwa nyuma yako, Raymundi. Nilinyamaza, na nimenyamaza mwaka mzima. Usingizi siupati vizuri.

Ndani ya bahasha nimeweka ile fomu. Utaiona nne niliyoikata kwa mkono wangu. Hasira zako nipe mimi, Justus umwandikie. Kwake nakwenda mwenyewe Jumapili baada ya misa.

Msalimie shemeji Bernadeta na watoto. Bikira Maria awafunike.

Nakuomba unijibu, hata neno moja, hata la matusi, nijue barua imefika. Ukikaa kimya nitahesabu imepotea njiani, nami nitaiandika tena yote, bila kupunguza neno.

Wako akupendaye, ingawa amekukosea,
Nikolaus