Kamera ya Baba Imepata Mnunuzi

Jericho, Nairobi

Dada Khavere,

Huku tunaendelea, na maji yalirudi jana. Ile kamera ya Kiitaliano ya marehemu Baba nimeiuza, ili Mama asikose dawa. Mnunuzi, Bwana Thuo, hukusanya kamera za zamani. Aliigeuzageuza mikononi taratibu, akasema, "Hizi zimebaki chache sana duniani. Watu wanazitafuta kweli." Akalipa vizuri bila kubishana.

Mama alimtazama akiondoka nayo, kisha akaniuliza, "Muhonja, sasa baba yenu atapiga picha za harusi Jumamosi na nini?"

Nikamwambia ameazima nyingine. Akafurahi, akaomba pasi amnyooshee shati.

Nimechoka, dada. Njoo, hata kama ni kwa wiki moja tu.

Mdogo wako,
Muhonja