Gari Lililonyamaza

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, goti tu ndilo lina visirani vyake. Mama yako anakula na kulala vizuri, lakini majina yamemtoka yote, hata langu. Mchana huniita "fundi", akidhani nimekuja kutengeneza paa. Ila jioni gari langu likinguruma pale kwenye kona, huinuka, akafungua mlango na kusema, "Umechelewa, mume wangu." Hapo ananijua hadi anapolala.

Mzigo wako umefika: ekzosi nzima ya gari, kuanzia bomba la mbele hadi sailensa ya kupunguza mlio. Jirani, aliyechoshwa na kelele za ile mbovu, amefurahi kuliko mimi. Nitaifunga mwenyewe hapa uani. Mshona viatu hashindwi na nati.

Baba yako, Mzee Kelele

17 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, kazi tu inanikaba. Tafadhali usiingie chini ya gari kwa kutegemea jeki peke yake, weka na magogo. Nati zenye kutu zimwagie mafuta, uziache hadi kesho yake.

Nina la kukiri. Nilipokuwa shule nilikuwa nakuomba unishushe mbali na geti, kwa kuuonea aibu ule mlio wa gari lako. Hukuwahi kuniuliza sababu. Ekzosi hii ndiyo njia yangu ya kukuomba radhi.

Binti yako

9 Aprili

Mwanangu,

Natumai u mzima. Huku si kuzuri sana.

Ya shule nilijua siku zote, wala sikukasirika.

Kazi ilinichukua siku mbili. Nati tatu zilikubali, ya nne nikaikata kwa msumeno. Bomba la zamani lilianguka vipande viwili, na mnunuzi wa vyuma chakavu akalichukua papo hapo. Nikawasha injini: kimya. Jirani alipiga makofi.

Jioni nikarudi kutoka kwenye kibanda changu cha viatu, mlango haukufunguliwa. Nikatumia ufunguo. Mama yako akapiga yowe: "Wewe nani? Mume wangu hajarudi, sijasikia gari lake!"

Leo ni siku ya kumi na moja. Kila jioni anakaa dirishani kumngoja. Nikimwambia ni mimi, ananionea huruma, kama mtu aliyepotea njia.

Baba yako

14 Aprili

Shikamoo Baba,

Nimelia hadi kichwa kinauma. Ifungue hiyo sailensa leo hii, jirani avumilie. Mimi ndiye niliyekunyang'anya mke.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Pole, na usijilaumu. Nami niliifurahia ile ekzosi.

Sailensa niliifungua, jirani mwenyewe akinishikia spana. Nikazunguka mtaa, nikatokea pale kwenye kona nimekanyaga mafuta. Watu walitoka nje kutazama. Nilimwona mama yako akiinuka dirishani. Akasikiliza, kisha akaketi.

"Hilo si lake," aliniambia nilipoingia. "La mume wangu hukohoa kwanza."

Ni kweli, lilikuwa linakohoa kwa lile bomba la zamani. Nimeliendesha miaka ishirini bila kulisikia hilo, yeye alikuwa analisikia kila jioni.

Siku hizi nafunga kibanda mapema. Navuta kiti hadi dirishani, tunamngoja pamoja. Jana aliniuliza kama nami kuna mtu ninayemngoja. Nikamwambia ndiyo, mke wangu.

Akanisogezea nusu ya blanketi lake. "Atakuja tu, fundi," akasema. "Usikate tamaa."

Baba yako