Benki Haikumwandikia Wanjira

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Magoti yako je, baridi ya Ruiri imeyahurumia? Na ng'ombe ameshazaa? Mwili wangu ni mzima huku Uingereza, ila moyo ni mzito.

Nilikuandikia habari za Wanjira, msichana wa Karurumo ninayeishi naye chumba kimoja, ninayefua naye mashuka ya hospitali. Baba yake alikuwa mgonjwa sana, naye alikuwa akiweka akiba ya nauli akamwone. Jumamosi moja alipata barua kwenye kompyuta ya maktaba, hizi wanazoziita imeli. Ilikuwa na jina na nembo ya benki yake. Ilisema akaunti itafungwa siku hiyohiyo asipotuma namba ya akaunti na neno lake la siri.

"Kagwiria, wakifunga nitaendaje nyumbani?" akaniuliza.

"Ngoja Jumatatu tukawaulize," nikamwambia.

Hakungoja. Alijibu.

Jumatatu akaunti ilikuwa tupu. Mama wa benki aliisoma ile imeli, akatikisa kichwa. "Hii haikutoka kwetu. Sisi tunajua jina lako, hawa wamekuita 'mteja mpendwa' tu. Tazama anwani yao, wameongeza herufi moja kwenye jina letu. Na benki haikuulizi neno la siri hata siku moja. Anayekutisha na kukuharakisha hivi ni mwizi."

Wanjira akauliza kama atarudishiwa. Akaambiwa, kwa kuwa alitoa neno la siri mwenyewe, haiwezekani.

Kabla wiki haijaisha tukapigiwa simu: baba yake ameaga dunia. Wakenya wa hapa tulichanga, lakini nauli haikufika. Baba yake akazikwa bila yeye. Sasa analala akitazama ukuta. Chakula nikimwekea kinapoa.

Mwambie kaka Mwenda, maana ofisini kwao wameweka kompyuta, akiona barua kama hiyo asiijibu. Aende benki kwa miguu yake, akaulize.

Na wewe Mama, nakuomba kitu kimoja. Nenda Karurumo na akina mama wa kanisa. Tunasikia watu wanasema Wanjira amesahau kwao, na mama yake ameanza kuamini. Wanjira mwenyewe ameshindwa kuandika wala kupiga simu. Keti na huyo mama, umweleze yote.

Nisalimie nyanya, kaka Mwenda na mkewe, na Mama Kendi jirani yetu mwema.

Wanjira nimemuuliza niandike salamu gani kwa mama yake. Amesema, "Mwambie mama nilikuwa nakuja."

Ni mimi mwanao,
Kagwiria