Kuusomea Ukuta

Uyole, Mbeya
Julai 1957

Mpendwa rafiki yangu Lea,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi, wewe na mama yako Severina, na hata wale kuku wako wakorofi waliomaliza mboga za mchungaji. Sisi tu wazima, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima mwezi wa saba. Umande unaganda juu ya majani ya viazi na asubuhi vidole havitaki jembe. Natumaini kifua cha mama kimepoa. Mwambie ile asali ya Idodi aliyonifungia bado ninayo kidogo, nairamba kwa siri nisije nikajiona mlafi.

Barua zako zote mbili zimefika. Ya kwanza ulinibembeleza, ya pili ukanigombeza, na yote mawili nilistahili. Unauliza kama nitakuja Iringa mwezi wa nane tufanye mtihani wetu. Unasema kitanda umekwisha kukitandika, na yule binamu yako mwenye lori la mbao Mafinga amekubali kunipitia hapa. Lea, ingekuwa jibu ni neno moja ningekwisha kukuletea kwa simu ya boma. Teleka chai, kaa, usome polepole.

Nianze na masomo, maana najua ndiyo unayoyataka. Kifurushi cha mwisho cha vitabu kilifika salama. Bado nacheka nikikumbuka ulivyowabatiza wale waandishi wa Ulaya tulipokuwa tukifundisha pamoja hapo Iringa: wa Taa, wa Moyo na wa Sufuria. Wa Taa ndio wale wa kwanza, walioamini kwamba mtu akiiwasha akili yake hakuna giza litakalobaki, liwe la wafalme au la mila. Wa Moyo wakaja nyuma yao wakasema akili peke yake ni baridi, wakaenda kulia milimani. Hao, samahani, wananichosha. Mtu anausifu ukungu ukurasa baada ya ukurasa. Huyo hajapata kutafuta ng'ombe katika ukungu wa Uyole. Wa Sufuria ndio wangu. Wao wanamwandika mtu alivyo: paa linavuja, mkate umeungua, mume kanuna. Mwalimu wetu wa posta, anayetusahihishia masomo kwa barua, anasema sheria yao ni moja tu, kulisema jambo kama lilivyo hata kama linauma. Niliiandika sheria hiyo kwa chaki juu ya mlango wa jiko. Siku hizi nikiingia nainamisha kichwa nisiione.

Sasa habari ya nyumba. Unajua kwamba nilipoolewa tulikaa pamoja muda mfupi tu, Yotamu akaenda Kitwe kwenye migodi ya shaba, akaniacha na wazazi wake ambao hawana mtoto mwingine. Baba mkwe wangu, ambaye jina lake silitamki wala siliandiki, alikuwa karani wa boma, na sasa ni mzee wa kanisa. Macho yake yameingia ukungu. Hasomi tena, na njia ya kanisani anashikwa mkono na jirani yetu, mzee Danieli.

Wewe ni Mbena, na nilipokueleza mila yetu ulidhani natunga. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hasemi na baba mkwe. Hamwamkii, hamtazami, jina lake halimtoki mdomoni. Akisikia fimbo yake njiani anajifunika kanga na kupitia mahindini. Si chuki, ni heshima. Wakristo wengi wamekwisha kuilegeza, lakini nyumba hii haikulegeza, maana yeye alingoja mimi nianze na mimi nilingoja yeye. Kwamba haoni haibadilishi kitu. Mimi namwona.

Daraja letu lilikuwa mama mkwe, mama Damari. Unanijua, nisiposoma kwa sauti Kiingereza hakinikai. Basi alasiri, nikimenya viazi, kitabu nakiegemeza kwenye kinu, nasoma, halafu najifasiria kwa Kiswahili nione kama nimeelewa. Nyuma ya ukuta wa jiko ndipo baba anapoota jua. Siku moja mama aliingia, na uso wa mtu aliyetumwa na asiyependa kutumwa, akaniambia kwamba baba anauliza yule bwana wa jana alimwoa yule binti au alimchezea tu. Nikajibu hajamwoa, ana woga. Mama akatoka, akarudi na jibu kwamba baba alijua, mwanamume anayesifu mwezi namna ile haoi. Tangu hapo hadithi zote za Ulaya zilipita kwenye mdomo wa mama Damari, asiyejua a wala be, naye aliongeza ya kwake, kwamba hao Wazungu wangekuwa na shamba la pareto la kupalilia wasingepata nafasi ya kufa kwa mapenzi.

Mama alitutoka mwaka jana wakati wa masika, kama nilivyokuandikia. Nisilokuandikia ni kwamba matanga yalipoisha na watu wakatawanyika, tulibaki watu wawili katika boma moja bila mdomo. Nilimwekea uji juu ya jiwe la mlangoni kwake, nikakohoa, nikaondoka. Chumvi ilipoisha alikula mboga chapwa asiseme, nami sikuweza kumwomba radhi. Nililia jikoni kwa ajili ya chumvi, Lea, mtu mzima mimi.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mwalimu wetu angelipigia mstari mwekundu. Katikati ya kusoma nikachomeka maneno yangu: yule mama wa kitabuni akawaambia watu wa nyumbani kwamba kesho anakwenda sokoni Mbeya, na viazi vyao vya mchana wataviona chini ya ungo. Halafu nikasikia baba anaomba kwa sauti, kama wazee wa kanisa wanavyoomba, akimshukuru Mungu kwa viazi vilivyo chini ya ungo na kumkumbusha kwamba blanketi la mtumishi wake lina tundu. Nilicheka mpaka nikajikata kidole. Tangu siku hiyo tukaongea hivyo. Mimi nilisoma, yeye aliomba. Hakuna aliyevunja mila: mimi nasema na kitabu, yeye anasema na Mungu.

Katika maombi yake mambo mawili hayakukosekana. La kwanza, Yotamu arudi kabla macho hayajafunga kabisa. Kwa ajili hiyo alikuwa tayari kungoja, na nakuhakikishia hakungoja kitu kingine duniani. La pili, nifaulu mtihani. Alimwomba Mungu anisaidie nisiwachanganye wa Taa na wa Moyo, maana majina yako nilikwisha kumfundisha, na akamwambia waziwazi kwamba mtihani wenyewe uko Iringa na kwamba yeye kwa siku chache ataangaliwa na Danieli, nisiwe na wasiwasi.

Usidhani nimekuwa jasiri. Mwezi wa nne niliandika insha juu ya wa Taa, nikasema mila isiyoweza kujieleza mbele ya akili haina budi kuachwa. Mwalimu aliisifu. Wiki ile ile baba alijikwaa kwenye mfereji mbele ya jiko akaanguka, karibu yangu kabisa. Nikatupa kisu nikakimbia, na unajua nilikimbilia wapi? Mahindini, kanga usoni, nikimpigia kelele mzee Danieli aje amwinue. Akili yangu ilikuwa imesoma, miguu haikusoma. Hakuumia sana, nashukuru. Baadaye alimwomba Mungu aniondolee aibu, akasema hata yeye angekuwa mimi angekimbia.

Haya, nifike sasa ninapoogopa kufika. Mwisho wa mwezi wa tano nilikuwa nasoma kile kinene cha wa Sufuria, cha kijana aliyeacha shamba la baba yake akaenda mji mkuu. Baba alikipenda kuliko vyote, na huna haja ya kuuliza kwa nini. Nilikuwa nimebakiza sura chache. Sura hizo sikumsomea. Nilizisoma kimya, nikakifunga kitabu, na kesho yake nikakifungua tena nikaanza kutunga. Nikamweka yule kijana njiani anarudi. Mto ukafurika, nikamlaza ng'ambo. Gari la farasi likavunjika gurudumu. Akaugua matumbwitumbwi. Kila siku nilimsogeza karibu na nyumbani, na kila siku nikamzuia. Kwa kuwa Ulaya siijui, watu wangu wa kitabuni wakaanza kuogopa mvua ya mawe na kuomba mbegu kwa jirani. Siku moja baba aliomba, kwa upole sana, Mungu awabariki wale Wazungu ambao siku hizi nao wanateleka makande. Nikajua kwamba amejua. Lakini kesho yake alileta kigoda chake pale pale, na mimi nikaendelea.

Sababu ni hii, na wewe ndiye mtu wa kwanza kuandikiwa. Wakati ule nilikutana na Saulo sokoni Mbeya, yule aliyekuwa akifanya kazi na Yotamu Kitwe. Alinisemesha tumesimama kwenye kabichi, kwa haraka, mtu anayetaka kutua mzigo. Yotamu ameoa huko. Wana watoto. Hatarudi Uyole, na mimi ameniacha niende kwetu. Saulo akasema Yotamu ameomba nimweleze baba mimi mwenyewe, polepole, kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu. Kisha akapanda basi akaenda kwao.

Utauliza kwa nini sikumtuma mzee Danieli. Danieli ni mtu mwema, lakini jambo likiingia kwake linafika kanisani kabla yake, na wazee wangekuwa hapa wakibishana juu ya ng'ombe wa mahari kabla baba hajapata pa kuketi. Nilitaka alisikie kwangu. Na kwangu ni kwa mdomo gani? Utazame mtego huu, Lea. Maadamu mimi ni mke wa Yotamu, sina ruhusa ya kusema na baba yake. Siku nitakayopata ruhusa ni siku ambayo si mke wa mwanawe tena. Kumwamkia tu ndiyo habari yenyewe. Kwa hiyo nikaendelea kuufurisha mto wa Ulaya.

Kaka yangu Mika naye amepata habari, sijui kwa nani. Ameleta ujumbe kwamba Jumamosi anakuja kunichukua, kwamba sina kazi katika nyumba ya mtu aliyeniacha. Nikaona maji yamenifika shingoni. Kama ningeondoka bila neno, baba angekaa kwenye kigoda chake akingoja jiko lisome.

Leo asubuhi niliweka uji juu ya jiwe, nikakohoa, na sikuondoka. Nikamwamkia, kwa lugha yetu, kama mtu yeyote anavyomwamkia mzee. Alikuwa ananyosha mkono kuchukua bakuli, na mkono ukasimama. Tulikaa hivyo mpaka uji ukafanya utando. Halafu akanisemesha, mara ya kwanza tangu niolewe. Akauliza kama kitabu kimekwisha. Nikamwambia kimekwisha. Akauliza kama yule kijana hakufika. Nikamwambia yuko mzima, ana watoto, lakini hatafika. Akasema basi. Kisha akaniomba nimshike mkono nimwingize ndani, kwa sababu jua limekuwa kali. Hapakuwa na jua, Lea, ukungu ulikuwa mpaka mlangoni. Nilimshika. Mkono wake ni mwepesi, sikuwahi kujua.

Nakuandikia nikiwa jikoni. Uji hajaugusa. Alasiri imefika na amekuja kukaa nyuma ya ukuta kama kawaida yake, lakini haombi. Nimengoja aombe hata blanketi, haombi. Sasa naruhusiwa kutoka, nizunguke, niketi mbele yake nimwambie lolote nitakalo, na sina la kusema. Nimefungua kitabu nikakifunga. Sheria ya wa Sufuria nimeitimiza. Mwalimu wetu hakutufundisha mtu akishasema afanye nini.

Kwa hiyo mwezi wa nane usiningoje. Mwambie binamu yako asante, na kitanda mpe mgeni mwingine. Fanya mtihani kwa ajili yetu sote wawili, na wakikuuliza juu ya wa Taa waandikie vizuri, hawana kosa. Jumamosi Mika atakuja. Nikienda, huyu atabaki na nani? Nikibaki, nitabaki kama nani? Mkwe si mkwe, na mtoto sikuzaliwa hapa. Nimeuliza moyo na nimeuliza akili, vyote viwili vimenyamaza. Ukiwa na neno, niandikie, hata la kunigombeza.

Nisalimie mama Severina, aendelee na asali na maji ya moto, asitoke nje asubuhi. Nisalimie walimu wenzetu wote wanaonikumbuka. Na salamu zikufikie kutoka kwa mzee wa nyumba hii, ambaye amezifahamu habari zako kwa muda mrefu kupitia ukutani. Jina lake ni Anania. Leo naweza kuliandika.

Ni mimi rafiki yako,
Atuganile