Profesa kafungasha mpaka barua

Ndugu yangu, laiti ungekuwepo ofisini leo!

Yule mjuaji wetu tunayemwita Profesa kaambiwa aifungashe ile programu ya miadi ya wagonjwa kwenye kontena, lile furushi la kidijitali la kuendeshea programu kwenye kompyuta yoyote, bosi kasimama mgongoni. Eti, "Kazi hii naifanya nimefumba macho." Na kweli alifumba.

Badala ya kuchagua mafaili ya programu tu, kaamuru folda yake nzima inakiliwe. Nzima, we! Furushi likatoka GB nne. Bosi akauliza, "Humu mmetia tembo?" Akalifungua mwenyewe.

Akakuta barua ya Profesa ya kuomba kazi kwa washindani wetu.

Akaisoma yote kwa sauti. Yote! Kisha akamgeukia Profesa:

"Barua nzuri, mwanangu. Ila hapa ulipoandika 'mimi ni mtu makini', pafute kabla hujaituma. Na itume leo."