Aliyeitikia Jina Lake Hekaluni

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo kidogo cha polisi, kata ya Boeung Chrey, mkoa wa Pursat
Tarehe: 28/9/2019, saa mbili asubuhi
Jina: Nhem Saroeun
Umri: miaka 39 kwa kukadiria
Kazi: kibarua
Makazi: sina kwa sasa, kwetu ni kijiji cha Prey Tbeng, mkoa wa Prey Veng
Elimu: darasa la tatu

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema niliyoyaona na niliyoyasikia mwenyewe. Afisa Keo Virak amenionya kwamba nikidanganya nitafungwa. Nimeelewa. Sijapigwa wala sijaahidiwa kitu.

Mwanamume aliyeko mahabusu tangu jana namfahamu. Anaitwa Yin Bunrith. Tumefanya kazi pamoja miaka saba kwenye meli ya uvuvi, nje ya nchi. Nahodha hakuwa na haja na majina yetu. Yeye alimwita Mrefu, mimi aliniita Wewe. Jina la Bunrith nililijua kwa sababu tulikuwa na kitanda kimoja, cha mbao. Yeye akiwa zamu mimi nalala, mimi nikiwa zamu analala yeye. Tulipopishana ndipo tulipoongea.

Meli hiyo ilikuwa haitii nanga bandarini. Meli nyingine ilikuja kuchukua samaki na kuleta mchele na mafuta. Simu hatukuwa nazo. Mwaka huu meli ilikamatwa na askari wa nchi ile kwa kuvua bila kibali, tukawekwa kambini, kisha tukarudishwa mpakani. Vitambulisho vyetu vilibaki kwa nahodha. Hii ndiyo sababu Bunrith hana karatasi yoyote, na mimi pia sina.

Mnamo tarehe 26/9/2019 tulivuka mpaka. Bunrith aliazima simu ya muuza chai akapiga namba ya jirani yao, namba pekee aliyokuwa nayo kichwani. Akapokea mtu wa Battambang ambaye hamjui. Mimi namba yoyote sikumbuki. Bunrith akasema, "Twende tu. Ni siku za wafu, nchi nzima iko nyumbani. Mama atatupa wali na samaki wa kuchacha, kisha atakutafutia nauli ya kwenu." Nilikubali kwa sababu sikuwa na mpango mwingine.

Mnamo tarehe 27/9/2019, majira ya saa tatu na nusu asubuhi, lori la matofali lilitushusha barabara kuu. Tukatembea. Hekalu la kijiji chao liko njiani, kabla hujafika kwenye nyumba. Ilikuwa siku ya kumi na nne kati ya kumi na tano za wafu, na ilikuwa zamu ya kitongoji chao kulisha watawa. Pikipiki zilijaa nje. Akina mama walikuwa wanapanda ngazi za ukumbi na vyombo vya chakula. Ndani ya ukumbi walikaa watawa, na mzee mmoja msimamizi wa ibada, ambaye nimeambiwa hapa kituoni kuwa anaitwa Mzee Loeung, alikuwa anaita wafu kwa kipaza sauti. Kwetu ni hivyohivyo. Mzee anataja jina la marehemu, jamaa zake wanainua chakula na kumwambia aje ale.

Tulisimama getini kwa sababu tulikuwa wachafu. Bunrith alisema tungoje watu watoke.

Mzee Loeung alimwita baba yake Bunrith. Bunrith akaniambia, "Huyo mzee wangu," akakutanisha viganja kifuani. Kisha Mzee Loeung akasema, kwa sauti ileile, "Yin Bunrith, aliyefia baharini, popote ulipo, njoo upokee."

Bunrith akaitikia, "Naam."

Hakufikiri. Kwenye meli ukiitwa unaitika mara moja, usipoitika unapigwa. Nami ningeitika. Hakusema kwa nguvu, lakini watu wa nyuma ya ukumbi walisikia. Kijana mmoja akacheka. Mzee Loeung akasema kwenye kipaza sauti, "Nani huyo anafanya mzaha na wafu? Mtafuteni mwenye adabu ya kuku huyo mumtoe."

Watu wakageuka. Bunrith alikuwa amesimama getini kwenye jua. Hapo hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja aliweka sufuria chini, akamvuta mtoto wake nyuma ya nguzo.

Mama yake Bunrith, Bi. Chhim Yan, alishuka ngazi akiwa na sahani ya wali. Binti yake, Yin Phally, alikuwa nyuma yake. Huyo Phally ana mimba kubwa, ya miezi minane au zaidi. Bi. Chhim Yan alikuja hadi hatua kama nne kutoka kwetu. Hakumtazama Bunrith usoni. Akaweka sahani ardhini, kama anavyowekewa mzimu, akasema:

"Mwanangu, kula. Ukishiba urudi ulikotoka. Mbona umekuja tena? Nilishakukubalia ukae. Utamtisha dada yako."

Bunrith alisema, "Mama, ni mimi. Sikufa."

Akasema, "Nyote husema hivyo."

Baadaye Phally ndiye aliyenieleza, tukiwa kwenye gari la polisi. Miaka sita iliyopita wakala aliyetupeleka kazini aliwaambia meli ilizama. Wakamfanyia Bunrith mazishi bila mwili. Kila mwaka siku hizi walimpelekea wali hekaluni. Mwaka huu, Phally alipopata mimba, mama aliota Bunrith amesimama mlangoni na mkeka kwapani, anaomba kulala. Mama akamwambia ingia. Kila mtu anajua ndoto kama hiyo maana yake nini. Mama akatangaza kwamba Bunrith anarudi tumboni mwa dada yake. Akaacha kulia. Akashona nguo za mtoto. Phally alisema, "Miaka sita hakuwahi kula akashiba. Tangu ile ndoto anakula."

Bunrith hayo hakuyajua. Mimi pia sikuyajua. Alisogea akamshika mama yake mkono. Bi. Chhim Yan alipiga kelele kubwa. Mume wa Phally, anayeitwa Hoeun, alikuwa jikoni upande wa pili anakoroga wali. Alikuja mbio na mwiko wa mbao, ule mkubwa, akampiga Bunrith kichwani mara moja. Bunrith hakujikinga. Akakaa chini, damu ikatoka juu ya jicho.

Mtu akasema, "Ana damu."

Mwingine akasema, "Mzimu hana damu. Basi huyu ni tapeli."

Nilidhani watafurahi kuona ni mtu aliye hai. Haikuwa hivyo. Mzimu walikuwa wanamwogopa tu. Tapeli walimkasirikia. Mmoja alisema tumesikia habari za marehemu tukaja kudai shamba. Wakatufunga mikono kwa kamba ya ng'ombe, mimi na yeye, kwenye nguzo ya geti. Mimi nilisema, "Ndugu zangu, huyu ni wenu, mwangalieni." Hoeun akanijibu, "Wewe nyamaza. Wa kwetu alikuwa na meno."

Ni kweli Bunrith hana meno ya mbele. Aliyapoteza mwaka wa pili, kamba ya wavu ilipokatika. Nilikuwepo.

Mtawa mkuu alisema kwamba hekaluni hakupigwi mtu, na mwenyekiti wa kijiji akapiga simu polisi. Kisha ibada ikaendelea, kwa sababu watawa hawali baada ya saa sita. Sisi tulibaki kwenye nguzo. Mzee Loeung alimaliza majina yaliyobaki. Jina la Bunrith hakulirudia. Watu walipoanza kula, bibi mmoja aliniletea wali wa kunata uliofungwa kwa jani la mgomba akanilisha kwa mkono wake. Alisema, "Wewe mgeni, kula, dhambi ya mwenzako si yako." Nilikula. Nilikuwa na njaa. Bunrith hakupewa, kwa sababu hawakuwa wamekubaliana kama chakula chake awekewe chini au apewe mkononi. Ile sahani ya kwanza ilikuwa bado pale ardhini. Kuku waliila.

Kabla polisi hawajafika, Phally alikuja akasimama mbele ya Bunrith. Mama yake alimwita, "We Phally, rudi! Unataka kumwua mtoto?" Hakurudi. Alisimama tu anamwangalia. Bunrith alimwangalia tumbo, kisha uso, akasema:

"Wee Masikio. Nani huyo kakuoa na masikio hayo?"

Phally akacheka. Nadhani hakutaka kucheka. Aliziba mdomo kwa mkono, akacheka, halafu ikawa si kicheko tena. Akamgeukia mama yake akasema, "Mama, ni kaka."

Mama akasema, "Kaka yako yuko hapo," akamwonyesha tumbo.

Polisi walifika saa tano na robo. Tulipandishwa gari moja wote, Bunrith, mimi, Phally na mama yake. Hoeun alifuata kwa pikipiki.

Hapa kituoni afisa alimwuliza Bi. Chhim Yan mbele yangu kama mtu huyu ni mwanawe. Alisema, "Anafanana naye." Afisa akasema anataka ndiyo au hapana. Akasema, "Baba afisa, mimi nilishamzika. Usiniulize." Phally alisema ndiyo. Afisa akasema neno la mama ndilo litakaloandikwa, kwa sababu Hoeun naye anakataa, na bila hilo mtu huyu atapelekwa kambi ya mkoani kama mtu asiyejulikana. Kambi ya mkoani sijafika, lakini tumetoka kambini, najua kambi ilivyo.

Usiku tulilala mahabusu. Bunrith aliniuliza kama na mimi namwona. Nikasema ndiyo, nakuona. Akalala.

Leo asubuhi, kabla sijaitwa kutoa maelezo haya, nilitolewa kwenda kisimani kunawa. Bi. Chhim Yan na Phally walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje. Nadhani walilala hapo. Bi. Chhim Yan akaniita, "Wee baba, njoo." Nikaenda, askari yupo.

Akaniuliza, "Ule wali niliokuwa namtumia, alikuwa anaupata?"

Niliona anachotaka nimjibu. Ningeweza kumjibu hivyo. Nikasema, "Hapana mama. Haukufika. Alikuwa hai, tulikuwa tunakula mchele wa nahodha, wenye fukusi."

Halafu akasema, "Basi miaka yote ile nilikuwa namlisha nani?"

Phally akasema, "Baba alikula, mama. Na wafu wasio na watu." Bi. Chhim Yan alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kukataa. Aliweka mkono kwenye tumbo la binti yake akauacha hapo, kisha akauliza, "Na huyu sasa ni nani?"

Phally akasema, "Ni mtoto tu, mama."

Askari akaniambia nimalize kunawa. Nilipokuwa narudi nilimsikia Bi. Chhim Yan anamwuliza askari kama mtu wa ndani ameshakula. Askari akasema hapa hakuna jiko. Akainuka akatoka getini peke yake. Alikokwenda sikujua.

Afisa ameniuliza kama naweza kuapa kwamba mtu huyu ni Yin Bunrith, mwana wa Chhim Yan. Nasema hivi. Sikuzaliwa naye na kijiji hiki sikukijua kabla ya jana. Ninachoweza kuapa ni kwamba kwa miaka saba ameitika jina hilo na hakuwahi kuitika lingine, isipokuwa Mrefu. Kila mwaka siku kama hizi tulitupa tonge la wali majini, yeye akimwita baba yake, mimi nikiita wa kwangu. Mama yake hakumwita. Alisema mama yupo.

Afisa ameniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo moja. Mimi pia nilipelekwa na wakala yuleyule na nilikuwa kwenye meli ileile. Kwetu Prey Tbeng nina mke, kama bado yupo, na binti mmoja, na mama. Wakala kama alikuja hapa, na kule alikwenda. Leo ni siku kubwa, na kwetu majina yanaitwa kuelekea saa tano. Nilikuwa nimepanga nikiachiwa nitafute lori. Sasa sitaki kufika hivihivi. Naomba kituo kimpigie simu mwenyekiti wa kijiji chetu, awaambie watu wa nyumbani kwangu kwamba nipo hai kabla hawajaniona. Na kama hawataki niende, wamwambie yeye, nami nitatafuta kazi hukuhuku. Meno yangu yote yapo, hilo nalo waambiwe.

Nimesomewa maelezo haya na afisa kwa sauti, na ni yangu, kama nilivyoyatamka.

(Dole gumba la kulia)
Nhem Saroeun

Maelezo ya afisa: Yameandikwa na kusomwa mbele yangu. Saa tatu kasoro dakika kumi Bi. Chhim Yan alirudi kutoka sokoni na uji wa wali na samaki mkavu. Aliomba mlango wa mahabusu ufunguliwe, akampa bakuli mkononi, akakaa naye hadi alipomaliza. Baada ya hapo aliweka dole gumba lake kwenye hati ya utambuzi. Yin Bunrith ameachiwa kwa mama yake. Kuhusu Hoeun aliyempiga, Bunrith hataki shauri.

Saa tatu na dakika ishirini nimempigia simu mwenyekiti wa Prey Tbeng. Amesema watu wa nyumba ya Nhem Saroeun wote watatu wapo, na wametangulia hekaluni na chakula tangu alfajiri. Nimemwamuru achukue pikipiki awafuate.

Keo Virak, Afisa wa zamu